Hii njia haitokei

Mgeni akiingia mtaani kwetu na gari, lazima mtu amwambie. Mara nyingine ni mama wa genge, mara nyingine mtoto anayekimbiza tairi: "Anko, hii njia haitokei." Dereva anapunguza mwendo, anautazama ule ukuta wa mwisho na mwarobaini wake, kisha anaanza kazi ya kugeuza huku watoto wakimpigia kelele kama makondakta. Kata, kata, rudi, basi! Imekuwa hivyo tangu viwanja vilipopimwa. Nyuma ya mwarobaini kuna bonde lenye kijito, na ng'ambo ya kijito kuna mtaa ambao haukupimwa kabisa.

Sasa upo mpango wa kuifanya itokee. Barabara yetu irefushwe kama mita mia mbili, ivuke kijito kwa kalavati, iungane na njia ya vumbi ya ng'ambo. Mkutano wa mtaa uliojadili jambo hili ulianza saa nne asubuhi, na hadi saa saba mchana watu walikuwa bado wamesimama wakinyoosheana vidole. Wanaotaka barabara wamejiita wapenda maendeleo. Wasioitaka hawakujiita kitu, wameitwa: wabinafsi, watu wa mageti, watu wanaotaka barabara ya umma iwe baraza lao. Mtaa sitautaja, maneno yaliyokwisha rushwa yanatosha. Nami ni mkazi wa hapo, kwa hiyo msomaji anipime na kwa hilo.

Nianze na wanaotaka, maana hoja zao ni nzito kuliko majirani zangu wengi wanavyokubali. Ya kwanza ni moto na uzazi. Gari la zimamoto au la wagonjwa likitaka kufika ng'ambo ni lazima lirudi barabara kuu, literemke hadi darajani, lipande tena kwa upande wa pili. Saa ya foleni, safari hiyo ni mzaha. Mama akishikwa na uchungu usiku anavushwa kwa miguu juu ya daraja la miti, ameshikiliwa na watu wawili, bajaji ikimngoja upande wetu. Nimeshuhudia mara mbili. Mtu anayejua hilo halafu akafungua hotuba yake kwa kusifu utulivu wa mtaa, hastahili kusikilizwa. Pale mkutanoni mmoja alifanya hivyo, akazomewa, na mimi sikumwonea huruma.

Ya pili ni hesabu ya jiji. Sensa ya 2012 iliwakuta watu milioni 4.36 Dar es Salaam, ile ya 2022 ikawakuta milioni 5.38. Ni watu zaidi ya milioni moja ndani ya miaka kumi, na barabara za kuwapitisha hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Jiji lenye mitaa mingi isiyotokea humwaga kila safari, hata ya kujaza mtungi wa gesi, kwenye barabara kuu zile zile. Jimbo la Virginia kule Marekani liliwahi kulivalia njuga jambo hili: mwaka 2009 liliweka masharti kwamba barabara za mitaa mipya zisizoungana na jirani zake zisichukuliwe na serikali kwa matengenezo. Wajenzi walilalamika na masharti yakalegezwa mwaka 2011, lakini hoja yenyewe haikufa. Raha ya mtaa uliofungwa ni ya wachache, foleni yake ni ya wote. Mhandisi akisema hivyo hasemi uongo.

Ya tatu ni haki, na ndiyo inayouma. Mtaa wetu ni wa maeneo yale yaliyopimwa miaka ya 1970 kwa mradi wa viwanja uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ule uliotuachia Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Sisi tulipewa mitaro, hati na mistari iliyonyooka. Ng'ambo hawakupewa kitu, kama ilivyo kwa wakazi wengi wa jiji hili. Asilimia 70 ndiyo namba inayotajwa mara kwa mara kwa wanaoishi kwenye makazi yasiyopimwa. Kwa mtu wa ng'ambo, ule ukuta wa mwisho wa mtaa wetu ni zaidi ya matofali.

Basi mbona nadhani walioitwa wabinafsi wameonewa?

Kwa sababu hakuna aliyejisumbua kuuliza mtaa huu unafanya kazi gani. Kwenye mchoro ni barabara yenye magari machache, yaani barabara isiyotumika. Lakini njoo saa kumi na moja jioni. Chandimu inachezwa katikati, magoli ni ndala nne. Kina dada wanacheza rede karibu na nguzo ya umeme. Chini ya mwarobaini kuna drafti, na wazee wawili ambao hawajawahi kukubaliana juu ya nani alishinda jana. Mpika chapati ametoa jiko lake nje kabisa, barabarani, kwa kuwa hakuna kitakachomgonga. Haya yote yalikuwa na mahali pake kwenye ramani ya awali. Ramani zile ziliacha maeneo ya wazi, na kila mkazi wa zamani wa viwanja vya miaka ile anaweza kukutembeza akakuonyesha yalikokwenda: hapa palikuwa uwanja wa mpira, sasa ni gereji, pale paliachwa kwa ajili ya watoto, sasa pana ukumbi wa harusi na fremu sita za maduka. Uvamizi wa maeneo ya wazi katika jiji hili ni habari tuliyoizoea hadi haitushangazi. Wazi lilipokwisha, barabara isiyotokea ikachukua kazi yake, kimyakimya, bila mtu kuiandika popote. Anayekuja leo kuifungua kwa magari anauchukua uwanja ule ule kwa mara ya pili.

Halafu kuna misiba. Jambo hili sikulisikia mkutanoni hata mara moja, nadhani kwa kuwa kila mtu analiona la kawaida mno. Mtu akifariki mtaani kwetu, turubai linafungwa barabarani kabla ya magharibi. Viti vya plastiki vinatoka nyumba hadi nyumba, sufuria zinapangwa juu ya mafiga kando ya mtaro, wanaume wanakesha nje kwenye mikeka, kina mama wanajaa ndani na uani. Siku tatu, nne, wakati mwingine wiki. Hakuna kibali, hakuna askari wa barabarani, hakuna dereva wa kubembelezwa. Kwenye mitaa inayotokea nako watu hufiwa, nako hufunga njia kwa mawe na matawi. Lakini kule kila turubai ni ugomvi na mwenye haraka, na mara nyingi linaishia kubanwa kwenye kibaraza, nusu ya waombolezaji wakisimama mtaroni. Nyumba zetu za siku hizi hazina ua wa kupokea watu mia mbili. Ua wetu ni mtaa.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, mtafiti aitwaye Donald Appleyard alichukua mitaa mitatu ya San Francisco iliyofanana kwa sura na kutofautiana kwa magari. Mmoja ulipitwa na magari kama 2,000 kwa siku, wa pili kama 8,000, wa tatu kama 16,000. Akawauliza wakazi wana marafiki wangapi mtaani mwao. Wa mtaa wa magari machache walikuwa na wastani wa marafiki watatu kila mmoja, na watu wa kusalimiana sita na zaidi. Wa mtaa wa magari mengi walikuwa na 0.9, na wa kusalimiana watatu.

Sifuri nukta tisa. Namba hii imenikaa kichwani kwa majuma. Haikufika hata mtu mmoja. Maana yake, hata kama wapo waliokuwa na wawili, wapo wasio na yeyote. Appleyard aliwaomba pia wachore eneo wanaloliona kuwa ni kwao. Wa mtaa mtulivu walichora mtaa mzima. Wa mtaa wa magari walichora nyumba zao tu, na wengine waliona ni kwao pale tu mlango unapofungwa. Jaribu kuisoma namba hiyo kwa Kiswahili cha mtaani. Nani atakuja kukuamsha usiku bomba limepasuka? Nani atamchukua mtoto wako shuleni mvua ikinyesha? Jeneza hubebwa na watu wa kupokezana, bega hili likichoka lingine linaingia. Marafiki 0.9 hawabebi jeneza.

Najua yanayoweza kusemwa dhidi ya namba hii, nami mwenyewe nimeyasema. Ni mitaa mitatu tu, wakazi wachache, nchi nyingine, zaidi ya nusu karne iliyopita. Huenda wanaopenda majirani ndio waliochagua mtaa mtulivu, na wapangaji wa kupita ndio walioangukia ule wa kelele. Sisi nasi tuna namna zetu za kujuana ambazo gari halizivunji kirahisi: msikiti, kanisa, vikoba, kundi la WhatsApp la mtaa ambalo halilali. Na mtaa wetu hautafika magari 16,000 hata ukifunguliwa kesho. Yote sawa. Lakini kati ya ule mtaa wa kwanza na wa tatu kulikuwa na wa kati, wa magari 8,000, na huko marafiki walikuwa 1.3. Hawakungoja gari la elfu kumi na sita ndipo watoweke. Kushuka kwingi kulitokea mwanzoni, pale mtaa mtulivu ulipogeuka wa kupitwa. Hapo ndipo sisi tunapotaka kuingia.

Na tutapitwa kweli? Mhandisi alisema ni barabara ya wakazi tu. Nilitamani kumwamini. Lakini barabara haisomi barua ya aliyeiomba. Simu ya dereva aliyekwama barabara kuu itamwonyesha mstari mwembamba unaokata bondeni na kuokoa dakika tisa, na atakaa kwenye mstari huo yeye na wenzake wote wenye simu. Madereva wa Dar tunajijua. Tunapita sheli, tunapita uwanja wa shule, tukipata upenyo tunapita hata ukumbini. Njia ya mkato ikishajulikana, hakuna bango la "wakazi tu" litakaloizuia.

Mwendo nao si jambo dogo. Sheria yetu inaruhusu kilomita 50 kwa saa maeneo ya makazi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza 30 pale magari yanapochanganyika na watembea kwa miguu, na chandimu ni mchanganyiko wa juu kabisa. Tumeahidiwa matuta. Matuta yanafanya kazi, na Dar es Salaam yenyewe ni ushahidi: mwaka 2019 mradi wa SARSAI, uliowawekea wanafunzi njia za miguu, vivuko na vizuia mwendo karibu na shule zao, ulipewa tuzo ya kimataifa ya miji na taasisi ya utafiti ya WRI (World Resources Institute). Ila kule kazi ilianza na mtoto: wamekaa, wameangalia anapita wapi kwenda shule, ndipo wakachora. Mchoro wetu ulianza na gari. Nimesimama mbele yake pale ofisini ulipobandikwa. Una lami, una mitaro pande zote, una kalavati. Njia ya miguu haimo.

Lipo jambo lingine ambalo wapenda maendeleo wa upande wetu hawapendi kulisikia. Barabara itapita wapi ikishavuka kijito? Huku kwetu nafasi ipo, ukiacha ule ukuta. Nyumba zitakazochorwa alama ya X nyekundu ni za ng'ambo. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka, maneno mazuri sana. Mwenye hati atakwenda na hati yake. Mwenye leseni ya makazi atakwenda na leseni. Mpangaji wa chumba kimoja, na ng'ambo wako wengi, atakwenda na godoro lake. Kwa hiyo barabara inayotetewa kwa jina la watu wa bondeni itaanza kwa kuwahamisha baadhi yao, na watakaoitumia zaidi ni wenye magari, ambao bondeni ni wa kuhesabu. Hata lile gari la zimamoto: litafika ukingoni mwa makazi, kisha? Ndani ni vichochoro vya mtu mmoja mmoja, ukikutana na mwenye ndoo lazima mmoja arudi nyuma. Anayetaka moto uzimwe ng'ambo aanze na visima vya maji ya zimamoto na njia za ndani. Lami yetu itaishia pale matatizo yao yanapoanzia.

Sasa niseme na majirani zangu, maana hatujatoka safi. Mwenye nyumba ya mwisho amesogeza ukuta wake mita mbili ndani ya barabara, na bustani yake nzuri imeota juu ya ardhi ya umma. Mwingine alipendekeza geti na mlinzi mwanzoni mwa mtaa, "kwa usalama", na walinzi wa mageti haya wanajulikana ni nani wanawauliza maswali: muuza vitumbua, fundi, binti wa kazi anayetoka ng'ambo. Geti lile likijengwa, kila nililoandika juu linageuka uongo. Watu hao nawatenga na ninaowatetea, ingawa kura zao zinahesabiwa pamoja. Na wapo wanaotaka barabara kwa sababu moja tu, fremu za maduka. Hao nao wanasema "maendeleo", kwa sauti kubwa kuliko wote.

Watu wa pwani tumeishi na njia zisizotokea kabla ya neno lami. Ukiingia vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, vingine vinakata na kutokea sokoni, vingine vinakwisha kwenye mlango wa mtu. Mgeni akiingia hivi vya pili anaulizwa kwa upole, "Unamtafuta nani?" Lakini mji mzima unaendeka kwa miguu, hakuna anayezungushwa kilomita tatu kufika kwa jirani. Wamarekani walijaribu kitu cha namna hiyo kwa makusudi mwaka 1929, kwenye mji mdogo wa Radburn, New Jersey: barabara za magari zinakwisha, njia za miguu zinaendelea, zinapita bustanini na chini ya barabara. Gari ndilo linalofikia mwisho wa njia. Mtu anaendelea.

Hilo ndilo ninalolitaka bondeni kwetu. Daraja la zege la watu, pana vya kutosha machela na mkokoteni kupita, lenye kingo na taa. Ukuta wa mwisho urudi kwenye mpaka wake. Bajaji ya mgonjwa isogee hadi mwarobaini, machela itoke ng'ambo bila mtu kushika kamba.

Mkutanoni nililisema hili, nikaulizwa swali ambalo bado linanisumbua: na bodaboda? Nguzo zinazozuia gari hazizuii pikipiki. Ukiweka ngazi umezuia pikipiki, umezuia na mkokoteni, na bibi mwenye miguu mibovu, na ile machela. Mtu mmoja akapendekeza daraja libebe gari la wagonjwa na nguzo ziwe za kung'olewa, zenye kufuli. Wazo zuri hadi ukauliza ufunguo unakaa kwa nani saa nane za usiku. Kwa mjumbe? Mjumbe wetu ana usingizi mzito. Kwangu, ubaya wa bodaboda darajani unazidiwa mbali na ubaya wa foleni ya jiji mlangoni, na safu za nguzo zilizopishana zinaweza kumlazimisha mwenye pikipiki ashuke na kukokota. Baadhi watashuka. Sitadai zaidi ya hapo.

Juma lililopita niliamka mapema nikakaa kwenye jiwe karibu na daraja la miti, nione nani hasa anavuka. Saa kumi na mbili asubuhi walianza kina mama wa vitumbua, beseni kichwani, mkono mmoja kwenye kamba. Wakafuata mafundi na ndoo zao za vifaa, kisha wanafunzi, wakubwa wakiwashika wadogo mkono, kisha mzee mmoja ambaye kila mbao mbili alisimama. Nilikuwa nimeshika daftari nikihesabu, lakini wanafunzi walipokuja kwa makundi nikaacha. Kutwa, jioni, hadi usiku wanavuka hivyo. Nikakumbuka ule mchoro wa ofisini. Kijito kimo, kalavati limo, hata mwarobaini umechorwa kwa duara dogo la kukatwa. Daraja la miti halimo.